Nyang'au Ameiba Mvua Yangu ya Mawe

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila hodi, na daftari hili nimelianza siku hiyo hiyo, ili atakayelisoma ajue mimi na mvua tunajuana.

Aliyenipa daftari ni Chelangat, binti wa dada yangu. Amemaliza chuo, anakaa kwetu huku karibu na Sotik, na anafanyia kazi kampuni ya ng'ambo kwa laptop yake, akiwa amekaa jikoni kando ya moto kwa sababu sebuleni ni baridi. Wakulima wa kilima chetu wamejenga chumba cha kompyuta pale shule ya msingi. Kitafunguliwa mwezi wa sita, na kamati imempa Chelangat kazi ya kurekodi sauti za wazee wakieleza vile kompyuta ziliingia huku. Halafu mmoja wao, yule aliyeziona kwanza, siku ya ufunguzi atakaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa, apewe kipaza sauti, aseme mwenyewe watu wakisikia.

Mtu huyo hapa ni mmoja. Anaitwa Bethwel arap Maritim, na ndiye anaandika.

"Anko," Chelangat ameniambia, "anza kuandika, ukumbuke polepole. Na tafadhali usiongeze chumvi."

Mimi na chumvi wapi na wapi.

Jumatano, 12 Machi

Nakumbuka polepole kama nilivyoambiwa.

Shule niliacha darasa la saba, na si kwa kukosa akili. Akili ilikuwa imetosha. Nikaandikwa kazi kwenye bangalo la meneja, shamba kubwa la chai upande wa Kericho, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Kupiga pasi, kupangusa vumbi, kuwasha moto wa kuni sebuleni jioni. Meneja alikuwa Mzungu, Bwana Dunstan. Alikuwa na kompyuta nyumbani wakati ambao hata ofisi ya shamba haikuwa nayo.

Na haikuwa kama hizi. Ilikuwa kibodi tu, nyeusi, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, na kila kitu kilikuwa humo humo ndani ya kibodi. Uliichomeka kwenye televisheni, pale mahali pa antena. Ukachomeka na redio ya kaseti. Ukibonyeza, kaseti inalia kama nguruwe mdogo aliyebanwa na mlango, televisheni inatoa mistari ya rangi, na wewe unangoja. Unaweza kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe yake. Mara nyingine githeri imeiva, umeshapakua, ndipo kompyuta inakuambia kuna kosa, anza upya.

Vijana wa leo video ikisimama kidogo wanataka kulia. Sisi tulingoja vitu mpaka vikatuheshimu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Majani ya chai yamechipuka vizuri. Chelangat hajaniuliza kitu.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeudhika, acha niandike vizuri.

Tulikuwa kituo cha majani, tukingoja lori la kiwanda. Mizani ya siku hizi nayo ni kompyuta. Unaning'iniza gunia, inatoa risiti, simu inalia mfukoni kabla hujakung'uta matone. Zamani kule shambani karani alisoma mizani kwa jicho moja, lile lingine likikuangalia kama umeweka jiwe kwenye majani. Na karani huyo alikuwa Nyang'au.

Nyang'au ni jirani yangu sasa. Ni Mkisii, alistaafu akanunua shamba ng'ambo ya kijito chetu. Watu bado wanamwita Karani. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na huvaa koti hata akienda kukamua. Anaaminika huyo. Akisema jana kulinyesha, hata waliokauka wanaanza kujipapasa nguo.

Basi nilikuwa nawasimulia watu ile mvua yangu ya mawe. Hapa kila mtu anaijua, lakini palikuwa na mnunuzi wa ng'ombe mgeni. Ni hivi: siku hiyo Bwana Dunstan hayupo. Napangusa vumbi. Kompyuta inawaka, inaandika kwa herufi nyeupe: MVUA YA MAWE SAA TISA. Natoka mbio miguu mitupu, napiga kengele ya shamba, wachunaji wote wanakimbilia kwenye vibanda. Saa tisa kamili mawe yanashuka, makubwa kama mayai ya bata. Chai yote imelala chini, lakini mtu hata mmoja hajaumia. Watu hucheka nikisimulia, ila hakuna anayeondoka kabla sijamaliza.

Nimefika kwenye mayai ya bata, Chelangat anatokea na mwavuli. Nikajua amekuja kunisikiliza. Akanipita. Akaenda kwa Nyang'au, akainama kidogo kwa heshima, akasema, "Karani, naomba nije kwako Alhamisi nikurekodi."

Yule mgeni akaniuliza kama huyo msichana ananijua.

Alhamisi, 20 Machi

Chelangat ameenda kwa Nyang'au baada ya kukamua na amerudi ng'ombe wakiingia. Nimepalilia mahindi upande wa kijito siku nzima, na mke wangu Janeffer ameniuliza tangu lini napalilia kwenye mvua. Nimemwambia magugu hayaogopi mvua.

Amerudi na mkungu wa ndizi, ametumwa na Mellen, mke wa Nyang'au.

Ndizi ni tamu. Sijasema.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemuuliza Chelangat yule mzee alisema nini cha maana saa zote hizo. Amesema Karani anakumbuka vizuri ajabu.

"Na mimi?"

"Wewe uko kwa orodha, Anko."

Nimekuwa kwenye orodha maisha yangu yote. Wakati wa chanjo, wakati wa mbolea. Kwenye orodha mtu hukaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imetulia kidogo. Nakumbuka tena.

Baada ya zile za kaseti zilikuja kompyuta nyeupe, kubwa, zenye mgongo kama ng'ombe wa maziwa. Mwanangu Kimeli alikuwa sekondari. Chumba chao cha kompyuta kilikuwa na pazia nzito, na kabla ya kuingia walivua viatu mlangoni, kwa sababu waliambiwa vumbi la Sotik linaua mashine. Watoto soksi zina matundu, wanachungulia kitu kilichofunikwa. Maana zilifunikwa pia, na vitambaa vya kufuma kwa mkono. Janeffer alifuma kimoja cha rangi ya waridi chenye maua, na ninachojua mimi ni kwamba ndicho kilichokaa juu ya ile ya mwalimu mkuu. Siku ya wazazi nilikiona, nikawaonyesha wengine. Hatukuona kompyuta yenyewe, lakini kitambaa tulikiona.

Leo Chelangat anaweka laptop juu ya gunia la mahindi na kuku anapita juu yake, anaandika herufi mbili tatu, anashuka. Nimekaa nikaangalia. Kitu tulichokivulia viatu.

Nilitaka kumsimulia Chelangat hayo. Alikuwa amevaa vile vitu vya masikioni, akisikiliza sauti ya Nyang'au.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nyang'au amesoma somo la kwanza kwa simu badala ya Biblia. Katikati simu ikazima. Nimefurahi kabla sijakumbuka niko wapi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Leo ilikuwa zamu yangu. Nilioga asubuhi, nikavaa shati la harusi ya Kimeli. Janeffer akafukuza kuku. Chelangat akaweka simu mezani, akasema, "Ongea tu kawaida, Anko."

Nilimpa bangalo. Nilimpa kaseti na githeri, akacheka kweli, nikaona kiti chenye kitambaa kinasogea. Basi nikaona sasa nitoe ile kubwa. Nimesema tu, "Siku hiyo Bwana Dunstan hayupo," na yeye akanyoosha kidole, akazima kurekodi.

"Hiyo nimeshaisikia."

Nikamwambia ndiyo, kila mtu ameisikia, hata wa Kipkelion wanaijua.

"Hapana, Anko. Nimeisikia kwa Karani. Ni yeye iliyemtokea."

Nilidhani ni utani. Akatafuta kwenye simu, akanichezea. Ni sauti ya Nyang'au, ile ile ya kusomea matangazo kanisani. Anasema siku moja alipeleka karatasi za uzito wa majani kwenye bangalo, hakukuta mtu, kompyuta ikawaka, ikaandika mvua ya mawe saa tisa. Akakimbia miguu mitupu. Akapiga kengele. Na mwishoni, polepole, kama mtu anayeweka sadaka, anasema: "Yalikuwa makubwa kama mayai ya bata."

Mayai yangu ya bata.

Nikamwambia Chelangat hiyo ni yangu. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtoto uliyembeba mgongoni ni kitu kibaya kuliko matusi.

"Anko, Karani hajawahi kudanganya mtu. Nikiweka yako na yake, watu watasema mmoja ameiba, na unajua watasema nani." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kamati imeshamchagua. Ndiye atakayekaa mbele."

Nimetoka nje, nikasimama kwenye chai mpaka shati la harusi likalowa.

Sasa niandike kitu ambacho sitakisema. Ile mvua niliitengeneza mimi. Niliitengenezea pale kituoni, siku lori lilikwama kwenye matope na watu wakakaa na njaa mpaka jua likazama. Nilianza na mawe kama punje za mahindi. Mwaka uliofuata yakawa mayai ya kuku. Mayai ya bata yalinichukua muda, sikuyapata kwa urahisi. Kengele niliiongeza baada ya mazishi fulani, watu walipokuwa na huzuni. Nimeilea kama ndama.

Mtu akiiba ng'ombe wako unafuata nyayo. Akiiba uongo wako utamshtaki kwa nani? Nikisema ni wangu wataniuliza ushahidi, na ushahidi nilio nao ni kwamba haikutokea.

Nilichokiona mimi kwenye ile televisheni kilikuwa kidogo tu. Mke wa Bwana Dunstan alinionyesha mistari miwili ya kuandika. Nikaandika, nikabonyeza, na jina langu likajaa: BETHWEL, BETHWEL, BETHWEL, likishuka televisheni yote bila kukatika, kama maji ya paa. Niliogopa litaisha nibaki bila. Nyang'au alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, naye akaona.

Hiyo sijawahi kuisimulia. Nani atakaa na njaa asikilize jina la mtu?

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Nimemwona Nyang'au ng'ambo. Sijamsalimia.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Amenisalimia. Nimekohoa.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya mawe, ya kweli. Simu ya Chelangat asubuhi ilionyesha jua lenye miwani. Saa nane mbingu ikawa nyeusi kama sufuria, ikatupiga. Hayakuwa hata mayai ya kuku, yalikuwa maharagwe, lakini chai yangu ya chini imebaki vijiti. Nimeenda kuangalia kijitoni. Ng'ambo, kwa Nyang'au, kila jani limesimama.

Hata mvua ya mawe sasa inamtii yeye.

Janeffer ameniambia, "Baba Kimeli, nenda ukaongee na huyo mtu. Umeanza kununia mawingu."

Jumanne, 3 Juni

Nimeenda.

Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyapanga toka kijitoni mpaka kwenye lango. Mellen akanikaribisha, akanipa chai, akamwita mzee wake, akatuacha. Nyang'au akaja na koti. Akakaa. Mimi nikasema, "Karani, ile mvua."

"Mvua gani?"

"Yangu."

Akajimiminia chai. Nilijua atakataa, na nilikuwa tayari.

"Bethwel," akasema, "yule msichana alinikalisha pale akaniuliza, Karani, kompyuta ya kwanza uliyoiona ilifanya nini? Ningemwambia nini? Nilisimama mlangoni na karatasi mkononi, nikaona jina lako linashuka kwenye televisheni. Lako tu. Nikakuomba uandike na langu. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nikasema sikumbuki. Nilikuwa nimekumbuka hapo hapo.

"Uliniambia mashine imechoka. Halafu ukaandika lako tena."

Mvua ikaongezeka kwenye mabati, ikabidi asogee karibu.

"Miaka yote nakaa pale kituoni nakusikiliza. Najua haikutokea, nami ndiye wa kwanza kunyamaza unapoanza. Nikifungua mdomo mimi, watu wanaangalia saa. Nina koti, Bethwel. Wananiamini, basi. Wewe wanakungoja." Akageuza kikombe. "Nilitaka nione inakuwaje kungojewa. Msichana alisogeza kiti karibu. Hapo kurudi nyuma nikashindwa."

Maneno yangu makali yote yalikuwa mdomoni, na hakuna hata moja lililofaa. Nikamaliza chai. Nikamwambia ng'ombe wake mweupe anahitaji dawa ya minyoo, nikaondoka.

Njiani nimejikuta natembea wima, kama mtu aliyevaa koti. Mtu mzima, mzee wa kanisa, ananionea mimi wivu. Nimefika nyumbani nikaomba ugali wa pili. Halafu nimekumbuka kwamba kiti bado ni chake, na shibe ikaisha.

Jumamosi, 14 Juni

Ufunguzi. Nitaandika yote.

Chumba ni kizuri. Kompyuta zake ni nyembamba kama sinia, hazina mgongo kabisa. Akina mama wazee walivua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu, na watoto wakawaangalia. Nyang'au alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Mimi nilikuwa safu ya nne, nyuma ya mama mwenye kofia kubwa.

Chelangat alicheza sauti za wazee, na mimi nimo, na githeri yangu. Watu walicheka vizuri lakini ni dakika chache tu. Kisha Nyang'au akapewa kipaza sauti. Akasimulia. Aliisimulia kama taarifa ya mkutano, kengele akaipitia haraka, nikaumia. Lakini watu walisikiliza kwa sababu ni Karani.

Alipomaliza, Mwalimu Kiplimo, yule kijana atakayefundisha humo, akainua mkono. Ana adabu, sikumwona na ubaya. Akasema, "Mzee, samahani, nielewe tu ili niwaeleze watoto. Mashine za wakati huo hazikuwa na intaneti. Hazikuunganishwa na chochote. Hiyo mvua ilijuaje?"

Nyang'au akafungua mdomo, akaufunga. Akashika kola ya koti. Watoto wakageuka kumwangalia mwalimu, kisha yeye. Watu wakaanza kunong'ona, ule mnong'ono ambao mimi naujua, ila mimi huwa naufuatishia kicheko, na yeye hana cha kuufuatishia. Chelangat akashusha simu aliyokuwa anarekodia. Ukimya huo wa Karani nilikuwa nimeuombea tangu mwezi wa tano. Ulikuja mtamu hasa, kwa muda kama wa kumeza tonge. Mellen alikuwa ameangalia sakafu.

Kisha Nyang'au akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Bethwel alikuwepo."

Kofia ile kubwa ikageuka. Wote wakageuka.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, ndiyo au hapana, na mtu akisema eti nilichagua kwa wema, asiandike hivyo. Mimi siwezi kuona hadithi inalala chini. Hiyo tu.

"Nilikuwepo," nikasema. "Mimi ndiye nilikuwa nachapa. Karani hasemi hayo kwa sababu ni mpole. Mwalimu, umesema haikuunganishwa na chochote. Hukuuliza habari ya antena."

Mwalimu akasema, "Antena?"

"Kompyuta ile ilichomekwa mahali pa antena. Mnakumbuka antena, nyinyi wazee? Sasa antena ikabaki haina kazi. Karani akaichukua, akaitoa dirishani, akaishika kwa mkono wake juu kule, kompyuta ikaonja hewa. Mimi nikachapa kuuliza. Na haikuandika mvua kwanza. Iliandika jina lake. NYANG'AU. Herufi kubwa. NYANG'AU, NYANG'AU, likashuka televisheni yote, nikadhani halitaisha, kwa sababu ndiye aliyeishika antena na ilitaka yeye ndiye aambiwe. Chini kabisa ndipo ikasema mvua ya mawe saa tisa. Mimi nikakimbilia kengele. Na huyu hapa hakuiachilia antena, mpaka jiwe la kwanza lilipompiga mkononi."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wenyewe, wakageuka kumngoja Nyang'au. Mwalimu Kiplimo naye alikuwa anacheka, akakaa chini. Chelangat ameinua simu tena, ananiangalia juu yake. Alikuwa amejua ni chumvi, huyo msichana, na hakuzima.

Nyang'au alikuwa amesimama.

"Ni kweli," akasema. "Niliishika."

Walipiga makofi kiasi cha kutisha ng'ombe wa barabarani. Wakampigia yeye.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua imekatika. Kituo cha majani leo kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyekuja kwangu. Wote walikuwa wamemzunguka Nyang'au. Amekunja mkono wa koti, kitu ambacho hajawahi kufanya mbele za watu, na anaonyesha kovu. Anasema ndipo jiwe lilipopiga. Anasema mfupa ulionekana.

Kovu lile ni la kisu cha kupogolea chai. Alijikata shambani kwake, na aliyemfunga kitambaa ni mimi.

Yule mama wa kofia amenigeukia akauliza, "Arap Maritim, wewe ulikuwepo. Ni kweli jiwe lilifanya hivyo?"

Nyang'au akaniangalia. Nami nikaliangalia kovu. Ni zuri, refu, limekaa mahali pazuri. Mimi mwili mzima sina kama hilo.

Nimewaambia ni kweli, na kwamba jiwe lenyewe lilikaa kwenye majani bila kuyeyuka mpaka Jumapili.